Funga Daftari, Unieleze: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Masomo ya Nyumbani

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Kigoma na Tabora, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtoto akisharudi kutoka shule, mzazi afanye nini ili asome kweli? Tumezifupisha bila kugusa kiini chake, na majina tumeyaacha.

Binti yangu yuko darasa la sita. Kila usiku anakaa na daftari saa mbili nzima, hapigi kelele, hachezi. Matokeo yakija ni yale yale, 14 au 16 kwa 50. Je, ana kichwa kizito? (Mama, Ujiji)

Kichwa chake hakina neno, mama. Tuangalie anafanya nini katika hizo saa mbili. Ukimuuliza atakwambia anasoma, na hadanganyi. Anapitisha macho kwenye notisi toka juu hadi chini, akimaliza anarudia. Mara ya tatu maneno yameshamzoea machoni, naye anaona ameyajua. Lakini kutambua kitu ukikiona si sawa na kukitoa kichwani bila kukiona. Mchuuzi wa dagaa unayempita kila siku sokoni unamjua vizuri. Ukiulizwa jana alivaa kitenge cha rangi gani, unababaika. Mtihani unauliza kitenge.

Jaribu hivi kuanzia leo. Achague kipande kidogo, ukurasa mmoja au mmoja na nusu, asome kwa dakika 10. Kisha daftari lifungwe, lifungwe kabisa, siyo kuachiwa kidole katikati. Apewe karatasi tupu (nyuma ya kalenda ya mwaka jana panatosha) aandike yote anayokumbuka kwa dakika 5 hadi 7, hata kama yamekaa shaghalabaghala. Akikwama kabisa, ndipo afungue, na kila alichokosa au kukosea akiandike hapo hapo kwa kalamu ya rangi nyingine. Tuseme ni nyekundu.

Mfano, somo ni mmeng'enyo wa chakula. Ameandika: "Chakula kinatafunwa mdomoni, kinaenda tumboni, kinatoka." Akifungua anakuta amesahau umio, utumbo mwembamba na utumbo mpana, na amesahau kwamba virutubisho hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Sasa ana mistari mitatu minne myekundu. Hiyo ndiyo kazi yake ya usiku ule, wala si ukurasa mzima. Saa mbili za kupitisha macho zisingemwonyesha hayo mashimo.

Kesho, kabla ya kugusa mada mpya, ajaribu tena mistari myekundu ya jana bila kuangalia. Halafu baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya wiki tatu. Mpangilio huu una sababu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa orodha za silabi zisizo na maana, akatoa matokeo yake mwaka 1885: kusahau huenda mbio sana katika saa na siku za mwanzo, kisha mwendo hupungua. Marudio ya kwanza yakisubiri Jumamosi, kuna kidogo sana cha kurudia, anaanza upya.

Mambo mawili huharibu njia hii. La kwanza, siku tatu za mwanzo mtoto hukumbuka kidogo, hununa, pengine hulia, na mzazi hudhani amezidi kudorora. Mwache ahangaike, kule kuhangaika kutafuta neno kichwani ndiko kunakolifanya likae. La pili ni kunakili notisi upya kwa mwandiko mzuri na vichwa vya habari vya rangi. Watoto nadhifu wanalipenda sana, na wazazi wanalisifia, lakini mkono ndio unaofanya kazi, kichwa kimelala.

Na punguza hizo saa mbili. Kwa darasa la sita, vipande viwili vya dakika 25 na mapumziko ya dakika 5 katikati vinatosha, ukiacha kazi aliyopewa na mwalimu.

Mwanangu wa darasa la nne anakosa hesabu za kutoa kila mara. Nikimfundisha tunaishia kugombana. (Baba, Kibondo)

Kabla ya kufundisha, litazame kosa lenyewe. Mpe hii: 5,002 toa 1,368. Jibu ni 3,634. Akikuandikia 4,366, usimwambie hajui kutoa. Angalia alivyofika hapo: 8 na 2 akapata 6, 6 na 0 akapata 6, 3 na 0 akapata 3, 5 na 1 akapata 4. Kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Ana kanuni yake kichwani, anaifuata kwa uaminifu, na ukimpa hesabu 20 kama hii atakosea zote 20 kwa namna hiyo hiyo. Kumwongezea hesabu kabla ya kuing'oa hiyo kanuni ni kumkomaza kwenye kosa.

Kanuni hiyo hung'olewa kwa vijiti. Kata vijiti vya ufagio kama 60, vifunge kumi kumi kwa uzi au mpira. Anza na namba ndogo: 42 toa 17. Aweke mafungu manne na vijiti viwili. Mwombe akupe vijiti saba. Atakuta vilivyo huru ni viwili tu. Usimwambie neno. Mtoto mwenyewe atafungua fungu moja: sasa ana vijiti 12 huru na mafungu matatu. Anatoa saba, vinabaki vitano. Anatoa fungu moja, yanabaki mawili. 25. Huko ndiko "kukopa" kunakotajwa shuleni, na amekuona kwa macho yake. Afanye hesabu tano kwa vijiti, tano kwa kuchora mafungu na vijiti kwenye karatasi, kisha tano kwa tarakimu tupu. Usiruke hatua ya kuchora. Wengi huiruka, na mtoto akishaondolewa vijiti anarudia kanuni yake ya zamani.

Sifuri iliyoko katikati ndiyo inayoangusha hata waliokwishaelewa. Kwa 402 toa 17, mtoto anataka kukopa makumi, anakuta hakuna. Hapo mchoree mafungu kumi yaliyofungwa pamoja yawe mia moja, aone kwamba lazima mia ifunguliwe iwe makumi kumi, ndipo kumi moja ifunguliwe iwe mamoja. Jibu ni 385. Kila akimaliza ajumlishe kurudi nyuma: 385 na 17 zikileta 402, hahitaji kukuuliza kama amepata.

Ukifika kwenye sehemu, tumia mizani ya duka. Mtoto anayeandika 1/2 + 1/4 = 2/6 muulize: "Nikinunua nusu kilo ya sukari, halafu nikaongeza robo, nina kiasi gani?" Atasema robo tatu bila kufikiri. Basi mwonyeshe kwamba 2/6 ni theluthi moja, ambayo ni chini ya ile nusu aliyoanza nayo. Ameongeza sukari ikapungua! Hapo atacheka mwenyewe.

Kuhusu ugomvi: mara nyingi unatokana na mzazi kufundisha kwa njia aliyofundishwa yeye, wakati mwalimu ametumia nyingine. Mwambie kwanza akuonyeshe moja iliyosahihishwa darasani, ufuate njia ile ile. Na sauti yako ikianza kupanda, funga kazi mpaka kesho. Mtoto anayeogopa kofi anatazama uso wako, siyo hesabu.

Mimi sikusoma. Watoto wangu wakiwa na madaftari yao nakaa kimya tu. Pia nyumbani tunaongea Kiha, na mwalimu mmoja alisema ndicho kinachowaharibia Kiswahili. (Mama, Buhigwe)

Unaweza kusaidia sana, na kwa jambo moja una nafasi nzuri kuliko mzazi msomi: kwako mtoto hawezi kupunja maelezo. Mzazi msomi humalizia sentensi ya mtoto. Wewe mwambie: "Chukulia sijui chochote. Nieleze mlichofundishwa leo mpaka nielewe." Shika daftari wewe, limefungwa. Asipoeleweka mwambie hujaelewa, arudie kwa njia nyingine. Mwisho muulize wapi yeye mwenyewe hakuelewa. Hapo ndipo pa kupeleka kwa mwalimu.

Madaftari nayo unaweza kuyakagua bila kusoma. Tiki na kosa unavitambua. Tarehe ni tarakimu, na tarakimu unazitumia sokoni kila siku. Kila Ijumaa fungua daftari moja moja: tarehe ya mwisho ni lini? Daftari la Hisabati ambalo halijaandikwa wiki mbili lina habari yake. Penye kosa, je, chini yake kuna masahihisho, au ameruka tu?

Kiha msikiache. Mtoto akieleweshwa jambo kwa lugha ya mama amelielewa. Kinachobaki ni kulipa majina ya Kiswahili, na hiyo ni kazi nyepesi kuliko kuelewa. Mruhusu akueleze kwa Kiha kwanza, kisha arudie kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi. Pale atakapokwama ndipo anapokosa neno, naye ataliuliza shuleni.

Tatizo moja la kweli ni L na R. Lugha ya nyumbani isipotenganisha sauti hizo mbili, mtoto huandika anavyosikia. Dawa yake ni imla ya maneno pacha: *mahali* na *mahari*, *kalamu* na *karamu*, *kula* na *kura*. Ndugu yake mkubwa amsomee maneno kumi kila siku, yakiwa yamechanganywa, na kila neno lipate sentensi: "Nimenunua kalamu," "Tumealikwa karamu." Bila sentensi mtoto anabahatisha tu. Kumcheka akikosea kunamfanya aache kuongea, na anayeacha kuongea haachi kukosea.

Mjukuu wangu ni wa darasa la pili. Kitabu chake anakisoma chote, lakini nikimwonyesha maneno kwenye mfuko wa sabuni hajui hata moja. (Bibi, Nzega)

Shikamoo bibi, na hongera kwa kugundua hilo, maana wengi hudanganyika. Mjukuu wako hasomi. Amekariri ukurasa kwa kusikia wenzake wakiuimba darasani, na picha inamkumbusha pa kuanzia. Njia ya kuhakikisha: ziba picha kwa mkono, umwonyeshe maneno kuanzia la mwisho kurudi nyuma. Msomaji atayasoma. Aliyekariri atanyamaza, au atakutajia neno la mstari mwingine.

Maneno ya Kiswahili yanajengwa kwa silabi, na silabi zake hazigeuki sauti zikihamia neno jingine, kwa hiyo kazi hii ina mwisho unaoonekana. Chukua katoni, kata vikadi vya ukubwa wa kiberiti. Anza na irabu tano, *a e i o u*, mpaka azitaje bila kusita ukizichanganya. Kisha konsonanti moja kwa siku mbili: *ma me mi mo mu*, halafu *ka*, *ta*, *ba*, *la*, *sa*. Usimwachie aziimbe kwa mpangilio, maana wimbo ndio uliomponza; zichanganye kila mara. Zikifika safu tatu, aanze kuunganisha vikadi kuwa maneno: *mama*, *kuku*, *taka*, *kata*, *kima*. Acha apindue *taka* iwe *kata*, aone neno limebadilika kwa kuhamisha kadi. Hapo ndipo wengi hufunguka.

Dakika 15 kwa siku, kila siku. Dakika 15 kwa siku sita zinashinda saa moja na nusu ya Jumamosi, ingawa jumla ni ile ile.

Mwambatano uje mwisho: *mb, nd, nj, ny, sh, ch, mw, kw*. Kwa *ng* na *ng'* mpe maneno mawili, *ngoma* na *ng'ombe*, ayaseme huku akisikiliza. Kuchanganya *b* na *d* kwa umri huo ni kawaida. Mwandikie *b* (ile ndogo, si *B*) kwa ukubwa kwenye kadi ikae mbele yake kila anaposoma.

Lakini bibi, angalia pia macho na masikio. Akisogeza kitabu puani, akikunja uso kutazama ubao, akijibu tofauti na alichoulizwa ukiwa nyuma yake, au sikio likitoa usaha, mpelekeni zahanati kwanza, waelekeze pa kupimwa. Vikadi havitibu macho.

Tuko watu tisa, vyumba viwili, na redio haizimwi. (Mzazi, Ng'ambo, Tabora)

Msitafute nyumba tulivu, tafuteni dakika 40 za utulivu. Zipangwe wakati ule ule kila siku, redio izimwe, na wote wenye daftari wakae pamoja kwenye mkeka, mkubwa karibu na mdogo ili amwelekeze. Anayepiga stori atoke nje. Chini ya mwembe ni darasa zuri kabisa, ila wakati maembe yanapoiva, Novemba na Desemba, hamieni ukuta wa nyuma. Hakuna mtoto wa Tabora atakayemaliza mstari huku maembe yanadondoka.

Kijijini kwetu mwambao wa ziwa hatuna umeme. Watoto wanasomea koroboi, asubuhi pua nyeusi. Wakiamka alfajiri kusoma, napo ni giza. (Baba, wilaya ya Uvinza)

Koroboi iondoke kwanza. Moshi wake unaingia kifuani na machoni, mwanga wake unacheza, na likipigwa kumbo juu ya mkeka nyumba imekwenda.

Lakini kabla ya kununua taa, itumieni saa ya Kigoma. Saa yetu ni ile ile ya Dar es Salaam, ila sisi tuko mbali magharibi, kwa hiyo jua hutuchomozea na kutuzamia kama dakika 40 baada ya wao. Saa 12 asubuhi kwenu bado giza. Hilo la kuamsha watoto saa 11 kusoma huku kwetu ni kuchoma mwanga na usingizi bure. Kwa upande wa pili, jioni mna mwanga hadi karibu saa 1. Basi geuzeni ratiba: mtoto akitoka shule ale, apumzike nusu saa, asome kuanzia saa 11 hadi saa 12 jioni mlangoni au barazani. Maji yachotwe kabla ya hapo, na vyombo vioshwe baadaye, maana vyombo huoshwa hata gizani. Familia nyingi hufanya kinyume: kazi za nyumbani kukiwa na mwanga, daftari kukiwa na giza.

Taa ndogo ya sola ibaki kwa ajili ya marudio mafupi ya usiku. Wengi wanalalamika kwamba inazimika mapema, na kosa huwa kwenye kuchaji. Paneli iliyowekwa asubuhi penye jua, ikifika saa 8 mchana imefunikwa na kivuli cha mchikichi au cha paa, na hata kivuli cha jani moja kinapunguza umeme kwa kiasi kikubwa. Tafuteni mahali pasipofikiwa na kivuli tangu saa 3 hadi saa 10, paneli itazame juu, ifutwe vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Kuchajia ndani dirishani hakufai kitu. Taa yenyewe isiachwe juani siku nzima kama paneli yake inatengana. Joto linaua betri. Na kuchaji simu za mtaa mzima kwa taa ya mtoto, hapana.

Usiku taa ikae kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia, na kulia kwa anayetumia mkono wa kushoto, ili kivuli cha mkono kisiangukie maandishi.

Kijana wa kidato cha pili anataka simu, anasema ni ya kusomea. (Mama, Kasulu)

Simu inasomesha, na inakula usiku kuliko kitu chochote. Mpe ya kwako, kwa masharti. Kitu cha kufuata mtandaoni kipo: maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada, na tovuti ya Baraza la Mitihani ina fomati za mitihani pamoja na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Hizo taarifa ni hazina ambayo wachache wanaifungua: zinaonyesha swali, jibu zuri la mtahiniwa, jibu baya, na kwa nini wengi walikosea. Apakue anachohitaji ukiwa na bando, kisha data izimwe na asome bila mtandao. Majibu ayaandike kwenye karatasi kwanza, ndipo alinganishe. Saa 3 usiku simu irudi kwako, ilale chumbani kwako. Hilo la mwisho halina majadiliano.

Mwanangu alifaulu vizuri darasa la saba. Sasa kidato cha kwanza, kila kitu Kiingereza, amekuwa bubu. (Baba, Urambo)

Ni mtikisiko wa kawaida kwa mtoto aliyetoka shule ya Kiswahili, na hauishi wenyewe. Yale aliyoyajua hayajapotea. Anayejua usanisinuru kwa Kiswahili ameshajua jambo, anakosa maneno. Kwa hiyo msianze na sarufi. Anzeni na maneno ya masomo yenyewe.

Awe na daftari dogo, kila ukurasa mistari miwili wima, safu tatu: neno la Kiingereza, maana yake kwa Kiswahili, sentensi ambamo aliliona neno hilo likitumika darasani au kitabuni. Maneno 6 kwa siku. Akijaza 30 kwa jioni moja hatakumbuka hata matano. Kila jioni afunike safu ya kwanza kwa rula, aangalie Kiswahili na kuandika Kiingereza bila kuchungulia. Afanye hivyo, si kinyume chake tu, kwa sababu kwenye mtihani atahitaji kulitoa neno, siyo kulitambua.

Jambo la pili ni maneno yanayoamuru. Wanafunzi wengi hupoteza alama si kwa kutojua mada bali kwa kutojua ameambiwa afanye nini. Kutaja, kueleza, kufafanua, kutofautisha, kulinganisha: kila moja lina neno lake la Kiingereza na kila moja linataka jibu la umbo tofauti. Ameambiwa ataje mambo manne, anaandika aya mbili. Ameambiwa aeleze, anaandika neno moja moja. Mwombe mwalimu wake wa Kiingereza orodha ya maneno hayo, ayajue kabla ya mengine yote.

Na asome kwa sauti dakika 10 kila siku kutoka kitabu chochote cha kiada, hata wadogo zake wakicheka.

Msimu wa tumbaku watoto wanashinda shambani na kwenye bani (banda la kukaushia tumbaku kwa moto). Wakirudi kwenye daftari wanasinzia. Tuwasaidieje wafidie? (Mzazi, Kaliua)

Tutasema wazi kabla ya ratiba. Jani bichi la tumbaku, hasa likiwa na umande au maji ya mvua, linatoa nikotini inayopenya ngozi. Kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kichwa kuuma mnavyoviona baada ya siku ya kuvuna ni sumu hiyo, wala siyo uvivu wala jua peke yake, na mwili mdogo unaumizwa na kiasi kidogo. Kuvuna, kubeba na kutunga majani mabichi si kazi ya mtoto, hata kwa masaa. Kuchochea moto wa bani usiku vivyo hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Tunajua mikono haitoshi wakati wa msimu; mtoto anaweza kupika, kuchota maji, kulisha kuku, kumwangalia mdogo, na bado mzazi akapata nafuu shambani.

Kusinzia kwenye daftari kuna hesabu yake. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Anayeamka saa 12 asubuhi alale saa 3 usiku, hapo amepata saa 9 tu, kiwango cha chini. Kumlazimisha asome mpaka saa 5 kwa kufidia ni kuongeza deni: yale aliyosoma mchana hutulia kichwani akiwa amelala.

Aliyekosa wiki mbili asijaribu kunakili kila daftari. Aanze na Hisabati, kwa kuwa mada ya leo imekaa juu ya mada ya jana. Akikosa kuzidisha hatagawanya. Mwombeni mwalimu ataje mada mbili au tatu zilizofundishwa, achukue mfano mmoja uliofanywa na mwenzake, aufunike jibu, aufanye mwenyewe. Maarifa ya Jamii na mengine yanaweza kusubiri mwisho wa wiki.

Tuisheni ni lazima? (Baba, Mwandiga)

Si lazima. Kabla ya kulipa, muulize mwalimu wa tuisheni mtoto wako amepungukiwa na mada zipi. Akijibu "masomo yote," hela ibaki mfukoni. Akitaja mada, lipa mwezi mmoja, na kila wiki mtoto akuletee karatasi moja iliyosahihishwa yenye kosa alilolirekebisha mwenyewe. Kama wanakaa 60 kwenye chumba wakinakili notisi nyingine, hiyo kazi ya kunakili ataifanya nyumbani bila nauli, na tumeshasema juu kwamba haifai kitu.